Eksosomu katika damu ya wazazi wenye maradhi ya moyo: sampuli nizichukueje hapa Unguja?

BintiKikwajuni

Assalaam alaykum wakubwa zangu.

Nipo mwaka wa pili wa uzamili. Mada yangu ni ule moyo unaotanuka na kushindwa kusukuma damu kwa wazazi, unaoanza mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Nataka kupima miR-146a, mojawapo ya mikroRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyodhibiti utengenezaji wa protini), ndani ya eksosomu za damu (vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli), kisha nilinganishe wagonjwa na wazazi wazima.

Nilichonacho ni sentrifuji ya mezani. Mwisho wake ni mizunguko 4,000 kwa dakika, na kutoka katikati hadi ncha ya tyubu ni sentimita 16. Friza la -80 lipo, la kushirikiana. Sentrifuji ya kufika 100,000 g (mara 100,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia) hatuna. Nilivyopanga ni kuchukua damu kwenye tyubu ya kifuniko chekundu, iachwe igande, nizungushe kwa mizunguko 1,500 dakika 10, nigandishe seramu, halafu niendelee na uchujaji baadaye.

Je, mpango huu unafaa? Eksosomu zinaweza kuchujwa bila ile mashine kubwa? Na kuna ushahidi gani kwamba eksosomu ndizo zinazobeba ujumbe huo hadi kwenye misuli ya moyo?

MzeeWaPipeti

Waalaykum salaam, binti. Mashine kubwa si tatizo lako. Tatizo ni saa ya kwanza baada ya sindano, na kwa mpango ulioandika utakuwa unapima chembe sahani (zile za kugandisha damu) badala ya moyo.

Tyubu nyekundu iache. Damu ikiganda, chembe sahani huchangamka na kumwaga vifuko vyake kwa wingi, na hivyo vifuko vinapita kila kichujio utakachotumia kwa sababu ukubwa ni uleule. Tumia tyubu ya sitreti (dawa ya kuzuia damu isigande) asilimia 3.2, kifuniko cha buluu. Tyubu ya EDTA inakubalika pia ikiwa utaitumia kwa washiriki wote bila kubadilisha. Ya heparini usiiguse kabisa: heparini inazuia vimeng'enya vya PCR (njia ya kuzidisha nakala ili zipimike) na utaona miR imekuwa ndogo wakati haikuwa ndogo.

Sasa hesabu ya kasi. Usiandike mizunguko kwenye tasnifu, andika g. Kanuni ni 1.118 × 10⁻⁵ × sentimita za mkono wa sentrifuji × mizunguko kwa dakika ikizidishwa kwa yenyewe. Kwa mkono wa sentimita 16, mizunguko 1,500 inakupa kama 400 g tu. Kwa nguvu hiyo, kwa damu isiyoganda, chembe nyekundu hushuka lakini chembe sahani hubaki zinaelea. Ndiyo njia ya kutengeneza plazma *yenye* chembe sahani nyingi. Ukiigandisha hiyo, barafu inazipasua, na ukiyeyusha una mamilioni ya vipande ambavyo havikuwamo mwilini mwa mgonjwa. Hapo hakuna dawa tena.

Unahitaji 2,500 g dakika 15, mara mbili. Kwa sentrifuji yako ni mizunguko 3,740 hivi, kwa hiyo inaweza. Utaratibu ni huu:

Sindano ya geji 21, mpira wa mkono usikae zaidi ya dakika moja. Mililita 2 hadi 3 za mwanzo ziingie tyubu nyengine, usizitumie kwa eksosomu. Zina uchafu wa mshipa uliotobolewa. Jaza tyubu ya sitreti hadi alama yake. Ikijaa nusu, uwiano wa damu 9 kwa sitreti 1 unaharibika. Pindua polepole mara tano, usitikise. Isimamishe wima. Isiwekwe kwenye barafu, maana baridi nayo inaamsha chembe sahani. Lakini na joto la chumba hapa kwetu wakati wa kaskazi si joto la chumba lililoandikwa vitabuni: linalotakiwa ni 20 hadi 25, kwa hiyo chumba cha kuchukulia damu kiwe na kiyoyozi kinachofanya kazi kweli. Ndani ya saa moja iwe imeshazungushwa.

Mzunguko wa kwanza ukiisha, breki ya sentrifuji iwe imezimwa, mkono usimame wenyewe. Ukifunga breki, tabaka jeupe la chembe nyeupe na chembe sahani linatibuka. Nyonya plazma kutoka juu, acha sentimita moja kamili juu ya lile tabaka. Roho itakuuma kuiacha, lakini iache. Hamishia tyubu mpya ya plastiki, zungusha tena 2,500 g dakika 15, na safari hii acha mikrolita 100 za chini. Gawa mikrolita 500 kila kichupa, gandisha -80. Kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu, haraka, kwenye maji ya digrii 37.

Kabla hujagandisha, toa mikrolita chache uzipime kwenye spektrofotomita kwa nanomita 414. Ikizidi 0.2, chembe nyekundu zimepasuka. Andika, na usitumie sampuli hiyo kwa mikroRNA. Macho hayatoshi. Plazma inaweza kuonekana ya manjano safi na kumbe imeshajaa miR-451 na miR-16 za chembe nyekundu.

Kuchuja: kolamu ya Sepharose CL-2B (shanga za jeli zinazotenganisha vitu kwa ukubwa), mililita 10, ndani ya bomba la sindano lenye kitambaa cha nailoni chini. Ioshe na mililita 30 za PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti) iliyopitishwa kichujio cha mikromita 0.22. Plazma iliyoyeyushwa izungushe 10,000 g dakika 10 kwanza kwenye sentrifuji ndogo ya vichupa ili kutoa vifuko vikubwa na utandu, kisha weka mililita 1.5 juu ya kolamu na ukusanye mafungu ya mililita 0.5. Kwa vipimo hivyo vifuko hutoka fungu la 9 hadi la 12, na protini za plazma zinakuja nyuma yake. Usiache kolamu ikakauka hata kidogo, kwani ikipasuka ndani maji yanapita kwenye ufa na kila kitu kinatoka pamoja. Ukimaliza ihifadhi kwa ethanoli asilimia 20.

SelikwaSeli

Mzee kamaliza upande wa damu. Nijibu swali la tatu, maana sura ya pili ya tasnifu nyingi hukosea hapo.

Eksosomu ni vifuko vya nanomita 30 hadi 150. Vinazaliwa ndani ya endosomu, kifuko kikubwa kilichomo ndani ya seli: ukuta wake unajikunja kwa ndani na kukata vifuko vidogo, na endosomu iliyojaa ikigusana na utando wa nje wa seli, vifuko vinamwagika nje. Mwaka 1983 makundi mawili, moja Montreal na jengine St. Louis, yaliona chembe nyekundu changa za kondoo na za panya zikitupa vipokezi vya transferini (protini inayobeba madini ya chuma) kwa njia hii. Kwa miaka mingi ikadhaniwa ni jaa la seli tu. Mwaka 1996 ikaonekana vifuko vya seli B vinaweza kuamsha seli T, zote ni seli za kinga, na 2007 watafiti wa Gothenburg wakaonesha kwamba ndani mna RNA na kwamba seli inayopokea inaweza kuitumia. Hapo ndipo ikafahamika kuwa seli zinaandikiana barua.

Moyoni mazungumzo haya ni mengi kwa sababu seli za misuli zimezungukwa na faibroblasti (seli zinazotengeneza nyuzi), seli za utando wa ndani wa mishipa na seli za kinga. Mifano mitatu iliyosimama vizuri: mwaka 2012 ilioneshwa kuwa seli za utando wa mshipa, damu ikipita kwa mkondo ulionyooka, hupeleka miR-143 na miR-145 kwa misuli laini ya mshipa na kuikinga na utando wa mafuta. Mwaka 2014, faibroblasti za moyo zilionekana zikipeleka miR-21-3p kwa seli za misuli, nazo zikanenepa. Na wa tatu ni wako mwenyewe, 2013: homoni ya prolaktini ikikatwa kuwa kipande cha kilodaltoni 16, seli za utando wa mishipa hutengeneza miR-146a nyingi, huifunga katika vifuko, na seli za misuli ya moyo zikivipokea hupungukiwa na protini ya ErbB4 na uwezo wa kutengeneza nishati. Kwa wagonjwa wenyewe, miR-146a ya vifuko vya damu ilikuwa juu kuliko ya wazazi wazima, na juu kuliko ya watu wenye moyo uliotanuka kwa sababu nyengine, na ikashuka walipopewa bromokriptini, dawa inayozuia prolaktini.

Lakini soma na upande wa pili, 2014. Vifuko vya seli za moyo zinazokuzwa maabara vilisaidia panya waliopata shambulio la moyo, na miongoni mwa vilivyobebwa na kutoa nafuu ni miR-146a hiyohiyo. Ujumbe mmoja, huku unaumiza, kule unaponya. Anayepokea ni nani, yuko katika hali gani, na amepokea kiasi gani, ndivyo vinavyoamua. Kwa hiyo usiandike popote kwamba miR-146a ni mbaya.

Jengine ni jina. Kwa kolamu ile hutaweza kuthibitisha kwamba vifuko vimezaliwa kwenye endosomu. Vingine vimechipuka moja kwa moja kwenye utando wa seli na vina ukubwa uleule. Andika "vifuko vya nje ya seli", toa ukubwa na alama ulizopima. Mwongozo wa kimataifa wa 2018 na ule wa 2023 unataka hivyo, na wakaguzi wa majarida wanarudisha kazi kwa neno hilo moja.

MzeeWaPipeti

Hapo kwa jina nakubaliana, lakini lipo zito kuliko jina. Binti, sehemu kubwa ya mikroRNA iliyomo kwenye plazma haimo ndani ya kifuko chochote. Imeshikwa na protini ya Argonaute2 inayoelea peke yake, na nyengine imo kwenye HDL, chembe za mafuta ya damu. Hesabu iliyochapishwa 2014 ilionesha kwamba kwa wastani kifuko kimoja hakina hata nakala moja ya mikroRNA unayoitafuta. Kwa hiyo ukisema "ya eksosomu", thibitisha imo ndani.

Gawa fungu la vifuko mara tatu. La kwanza liache kama lilivyo. La pili litie proteinase K (kimeng'enya kinachokata protini), digrii 37 nusu saa, zima kimeng'enya hicho kwa PMSF, kisha RNase A (kinachokata RNA). La tatu hivyohivyo, ila kwanza lipasue vifuko kwa Triton X-100 asilimia 1. Kama miR-146a inabaki katika la pili na kupotea katika la tatu, ilikuwa imekingwa na utando. Kama imepotea katika la pili, ulikuwa unapima kilichoganda nje. Watu wanaruka proteinase K na kutia RNase pekee. Hiyo haithibitishi kitu, kwa sababu Argonaute2 nayo inaikinga RNA.

Tia miR-39 ya mnyoo *C. elegans* kwa kiasi kilekile katika kila sampuli kabla ya kutoa RNA, ndiyo kipimo cha hasara ya njiani.

BintiKikwajuni

Ahsanteni sana, nimefahamu, na tyubu nyekundu nimeshazifuta kwenye orodha ya manunuzi. Naomba mawili zaidi. Baadhi ya wagonjwa watatoka Pemba, na sehemu ya ukusanyaji itaangukia Ramadhani. Pia ndugu wa wagonjwa wananiuliza kuhusu dripu za eksosomu wanazoziona mitandaoni, eti zinafufua moyo. Niwajibu nini?

Mtambwe_Maabara

Dada, la Pemba nijibu mie.

Plazma itengenezwe hukohuko Pemba. Usisafirishe damu nzima kwa boti kutoka Mkoani: saa zinapita, tyubu zinatikisika na bahari, na chembe sahani zimeshamwaga kila kitu kabla ya kufika Malindi. Peleka sentrifuji palipo na mgonjwa. Kama hospitali ya Chake Chake au Abdulla Mzee ina sentrifuji, pima mkono wake kwa rula na ufanye hesabu upya. Mizunguko 3,740 ya mashine yako si 2,500 g kwa mashine yenye mkono mfupi. Kwa sentimita 10 inatakiwa mizunguko kama 4,730. Hili limeharibu kazi nyingi za vituo viwili: kituo kimoja kinatoa plazma safi, chengine chafu, halafu tofauti inaandikwa kuwa ni ya ugonjwa. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi imezoea sampuli za utafiti, kawaulize mapema juu ya nafasi ya friza, na kibali cha maadili cha ZAHRI (taasisi ya utafiti wa afya Zanzibar) kitaje vituo vyote na safari ya sampuli.

Kuvusha: barafu kavu, si barafu ya maji. Barafu kavu ni -78.5, na bokosi lake lisizibwe likakosa pumzi, kwani gesi ikikosa pa kutokea bokosi linapasuka. Weka na kipimajoto kinachorekodi chenyewe. Friza nalo liwe na kengele na jenereta unayoijua hali yake, usidanganyike na umeme wa sasa kuwa mzuri: Unguja ilikaa gizani mwezi mzima 2008, na miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Gawa vichupa vya kila mshiriki katika mafriza mawili ya majengo tofauti.

Ramadhani. Mafuta ya chakula ndiyo adui wa kolamu yako. Chembe za mafuta zinazotoka utumboni baada ya mlo, na zile za ini ziitwazo VLDL, zina ukubwa wa vifuko, kwa hiyo zinatoka fungu la 9 hadi 12 pamoja navyo, na mashine ya kuhesabu chembe haijui tofauti. Mtu aliyekunywa urojo asubuhi au kula kitu cha tui zito atakupa "vifuko" vingi mno. Kufunga kwa muda wa saa 10 hadi 12 kunapunguza. Siku za kawaida chukua damu asubuhi kabla ya kifungua kinywa. Kwa Ramadhani, anayekula daku saa kumi alfajiri atafikisha muda wa saa 12 ikiwa saa kumi jioni, lakini hapo amekosa maji siku nzima na plazma imekuwa nzito, na saa ya mwili ni nyengine. Usichanganye makundi hayo mawili. Na wazazi wanaonyonyesha na wenye maradhi ya moyo wengi hawafungi, kwa hiyo ukichukua wazima waliofunga ukawalinganisha na wagonjwa wasiofunga, umepima Ramadhani. Mie ningesimamisha ukusanyaji mwezi ule na kuanza tena baada ya Sikukuu.

Jambo ambalo maandiko ya Ulaya hayatakukumbusha: kichocho. Minyoo nayo inatoa vifuko vyenye mikroRNA zake, na katika kichocho vimepatikana ndani ya damu ya anayeishi nayo. Pima mkojo wa kila mshiriki, na kipimo cha malaria pia, kwani chembe nyekundu zenye vimelea hutoa vifuko kwa wingi. Wasikataliwe, waandikwe.

SelikwaSeli

Na uzazi wenyewe usisahaulike. Kondo la nyuma linamwaga vifuko vingi mno kwenye damu ya mama, vyenye PLAP, protini ya alama ya kondo, na baada ya kujifungua vinapungua. Mgonjwa wa wiki ya 38 ya mimba huwezi kumtia kapu moja na wa mwezi wa tatu baada ya kuzaa. Linganisha kwa siku baada ya kujifungua, na kwa kunyonyesha, kwa sababu prolaktini ndiyo chanzo cha hadithi yako. Wenye presha ya mimba au kifafa cha mimba waandikwe mbali; utando wa mishipa yao umeshajeruhiwa kwa njia nyengine.

Usafi wa fungu: protini za alama za vifuko, CD9, CD63 na CD81, zionekane, TSG101 pia, ApoB (ya chembe za mafuta) na albumini (ya plazma) ziwe chache, CD41 ikuoneshe ni kiasi gani kimetoka kwa chembe sahani. Gawa idadi ya chembe kwa mikrogramu za protini. Zaidi ya 3 × 10¹⁰ kwa mikrogramu ni safi. Chini ya 1.5 × 10⁹ ni uchafu, rudia kolamu.

TabibuMoyo_Ugj

Nijibu la dripu, kwa sababu hili lina mtu kitandani.

Waambie ndugu hivi: majaribio ya wanyama yana matumaini, tangu 2010 yale ya Singapore ambapo vifuko vya seli shina vilipunguza jeraha la moyo kwa panya. Lakini FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya eksosomu, na Disemba 2019 ilitoa onyo kwa umma baada ya wagonjwa kudhurika. Dripu ya mshipani, vifuko vyake vingi vinaishia ini na bandama ndani ya dakika chache, moyoni vinafika vichache. Na vifuko vina mafuta ya fosfatidilserini juu yake, ambayo huchochea damu kuganda. Mama aliyejifungua karibuni, moyo wake unasukuma chini ya asilimia 45 ya damu iliyoujaa, tayari yumo kwenye hatari ya bonge la damu. Huyo ndiye wa mwisho kumtundikia chupa ya kitu ambacho hakuna anayejua kilichomo.

Kinachomsaidia kinajulikana. Apigwe eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) mapema, asiambiwe kukosa pumzi na kuvimba miguu ni uchovu wa kuzaa. Apewe furosemidi na dawa nyengine za moyo kushindwa. Enalaprili inafaa akiwa ananyonyesha, isitolewe mimba ikiwa bado tumboni. Bromokriptini, miligramu 2.5 kwa siku angalau wiki moja, ni uamuzi wa daktari wa moyo, lazima iende pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda, na inakausha maziwa, kwa hiyo familia ijue mtoto atanyonya nini kabla ya kidonge cha kwanza.

Binti, andika kwenye fomu yako tarehe na saa ya kila kidonge cha bromokriptini. Sampuli ya kabla ya dawa na ya baada yake, kwa mama yuleyule, ina thamani kubwa kwako kuliko kumlinganisha na jirani.

MzeeWaPipeti

Na damu hiyo ya kabla ya dawa ichukuliwe usiku uleule anapolazwa ikibidi, wewe au mwenzako muwe karibu na sentrifuji. Amefunga au hakufunga, iandikwe tu. Ila kabla ya mgonjwa wa kwanza, chukua wazima watatu, endesha njia yote mpaka PCR, kila mmoja mara mbili kwa siku tofauti. Kama matokeo ya mtu mmoja yanapishana kuliko ya mtu na mwenzake, rudi kwenye sindano na saa, usiende mbele.